Mlango wa Gereza Ukifunguka, Nani Anampokea?

(Mazungumzo yaliyotolewa Makebuko, siku ya sikukuu ya ushirika wetu)

Nawasalimu wapendwa wa Makebuko, wa Gitega na wa Muyinga, pamoja na ndugu zetu mliovuka Kobero kutoka Ngara. Karibuni, hapa ni nyumbani.

Leo tunaimba, tunakula pamoja. Lakini kuna wenzetu hawakuweza kufika, maana wako ndani. Gitega kuna gereza, Muyinga kuna gereza, na waliomo ni watoto wa milima yetu.

Hatujasahau tarehe 7 Desemba 2021. Alfajiri moto uliwaka katika gereza la Gitega, na kwa hesabu ya serikali siku ile walikufa watu 38. Gereza lile lilijengwa kwa watu 400. Waliokuwemo walizidi 1,500. Sasa niwaulize: mahali ambapo mtu hapati nafasi ya kulaza ubavu, meza ya useremala utaiweka wapi? Ndiyo maana tulimshukuru Mungu mwaka ule ule, mwezi wa Machi, Rais Évariste Ndayishimiye alipowasamehe wafungwa zaidi ya 5,000. Ila msamaha unafungua mlango tu. Anayetoka mikono mitupu, kesho atakula nini?

Na si kila kazi inamrekebisha mtu. Mzee Nelson Mandela, ambaye sisi Warundi tunamkumbuka kwa upatanishi uliofikisha Mkataba wa Arusha, Agosti 2000, alichimba chokaa miaka mingi kule Robben Island. Kazi ile ilimwumiza macho, haikumpa ufundi wowote. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa kwa jina lake, zinataka kitu kingine: kazi ya mfungwa isiwe mateso, imwezeshe kupata riziki ya halali akitoka, alipwe, na sehemu ya malipo awekewe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Ndugu zetu wa Tanzania wanalijua gereza la Karanga, Moshi, kwa viatu vya ngozi. Anayejua kushona kiatu, popote atakapokwenda watu wana miguu!

Mtume Paulo alilisema hilo zamani. Someni Waefeso 4:28. Hakuishia kumwambia mwizi aache kuiba. Alimtaka afanye kazi kwa mikono yake, mpaka naye apate cha kumpa mhitaji. Yaani aliyekuwa anachukua, awe anatoa. Amina?

Sasa niungame mbele yenu. Kijana mmoja wa mlimani kwetu alitoka gerezani akiwa amejifunza kushona. Jumapili alikuja kanisani, tukampigia vigelegele, tukamwombea. Jumatatu akaja kwangu, akaniomba nimdhamini apate cherehani kwa mkopo. Nikamjibu, "Tutaona." Kumbe moyoni naogopa: akikimbia nayo je? Alirudi mara tatu. Ya nne hakuja. Baadaye nikasikia anabeba mizigo sokoni Bujumbura. Hakuiba kitu cha mtu, wapendwa. Mimi ndiye niliyemwombea Jumapili, nikamnyima Jumatatu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, tukiwatembelea wafungwa tusipeleke sabuni na chakula peke yake. Tuwaulize wanajifunza kazi gani na watatoka lini. Pili, kila kanisa litenge sadaka ya vifaa: cherehani, randa, msumeno, mwiko wa mwashi. Na mafundi tulio nao wakubali kukaa na mtu huyo miezi michache mpaka wateja wamzoee. Tatu, kabla hajarudi, twende na bashingantahe kwa ile familia aliyoikosea. Tuwasikilize kwanza. Ukimpa mkosaji cherehani huku uliyeibiwa hajapewa hata pole, umepanda ugomvi mpya mlimani.

Serikali ina funguo za gereza. Funguo za kumrudisha mtu nyumbani tunazo sisi. Yule kijana bado namtafuta. Nikimpata, safari hii sitamwambia "tutaona."