Maji Katika Uhai wa Mimea



Wengi wetu hapa Mwanza tumeyaona mahindi yakinyauka saa nane mchana, na ziwa liko mbele ya macho yetu. Je, mmea huyafanyia nini maji hata uyahitaji kiasi hicho?

Mizizi huyafyonza udongoni pamoja na chumvichumvi zilizoyeyuka humo, yakapanda shinani hadi majanini. Huko sehemu ndogo huungana na hewa ya ukaa kwa nguvu ya jua, ikawa chakula cha mmea. Na oksijeni tunayoivuta hutokana na maji hayo hayo. Lakini zaidi ya sehemu 95 katika kila 100 hurudi angani kupitia vitundu vya majani. Huo si ubadhirifu. Yanayotoka juu ndiyo yanayoyavuta yaliyo chini, na jani hupoa. Yatokayo yakizidi yaingiayo, jani hulegea, vitundu hujifunga, na kazi ya kutengeneza chakula husimama. Basi ukubwa wa ziwa haumfai kitu mkulima ambaye udongo wake ni mkavu. Amwagilie alfajiri, na atandaze nyasi kavu shambani.

Kuna mmea mwingine usiojua kiu kabisa, nao ni magugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na kufikia 1998 yalikuwa yameziba ghuba nyingi za ziwa letu, wavuvi wakashindwa kupitisha mitumbwi. Huelea kwa sababu vikonyo vyake vimejaa hewa. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta mbawakavu wadogo, ambao watoto wao hutoboa vikonyo hivyo. Maji yakaingia mahali pa hewa, mmea ukazama. Hata hivyo haukwisha, kwani sisi wenyewe tunaulisha. Mvua huzoa mbolea na uchafu, na Mto Mirongo huupitisha katikati ya mji hadi ziwani. Mafunjo na matete ya ufukweni huzuia sehemu ya uchafu huo, nasi twayafyeka tupande mchicha.

Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye bustani atauliza, wanangu watakula nini? Swali hilo ni la haki, nami silidharau. Lakini mvuvi aliyekwama katika magugu naye ana watoto. Bustani na ipande juu, maji yabebwe kwa ndoo, na mafunjo yaachwe yaote tena.