Digrii ya Historia Si Tiketi ya Kukaa Barazani



Kaka zangu, dada zangu. Leo nazungumza na nyinyi mliosoma historia, na wewe ambaye barua ya chuo imekuja imeandikwa Historia, nyumba nzima ikanyamaza. Baba anauliza, "Sasa hiyo utaila?" Mjomba naye anasema bora ungesoma uhasibu. Swali lao si la ujinga. Karo inalipwa kwa shida, na wanawaona vijana wenye vyeti wamekaa barazani mchana kutwa. Kwa hivyo tuwajibu kwa heshima, tena kwa mambo yanayoshikika.

Tuanze na ukweli. Ni nadra kuona tangazo la kazi linalosema "anatakikana mwanahistoria". Aliyesoma udaktari anajua anakwenda hospitali. Cheti chako wewe hakitaji kazi, kinataja ujuzi: kutafuta ushahidi, kuupima, kupanga mambo yalivyofuatana, na kuandika ukaeleweka. Basi usitafute kazi yenye jina la historia. Tafuta mahali ambapo ujuzi huo unahitajika.

Mnataka mfano? Mwaka 2009 wazee watano kutoka Kenya walifungua kesi London kwa mateso waliyofanyiwa kambini wakati wa Mau Mau. Wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walitoa ushahidi wa kitaalamu upande wao. Mwaka 2011 Uingereza ikakiri kwamba ina mafaili ya ukoloni iliyoyaweka Hanslope Park. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mawakili ndio waliosimama kortini, lakini hoja zao zilihitaji watu wa kukaa na yale mafaili ukurasa kwa ukurasa.

Hapa nyumbani tuna Wagalla, kule Wajir, Februari 1984. Kwa miaka mingi serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, kwenye ripoti yake ya 2013, ikasema walikaribia elfu moja. Hesabu hiyo haikubadilika kwa kelele. Kuna watu walikaa wakasikiliza mashahidi na kusoma karatasi. Hiyo ni kazi, na kuna wanaolipwa kuifanya.

Sasa tuangalie milango.

Wa kwanza ni ualimu. Kama digrii yako si ya elimu, TSC haitakusajili kufundisha sekondari kwa cheti hicho peke yake. Utahitaji diploma ya uzamili ya elimu, na masomo mawili ya kufundishia. Uko mwaka wa kwanza? Chagua somo la pili sasa hivi, iwe Kiswahili, Jiografia au Dini, na uangalie alama zako za KCSE kwenye masomo hayo. Usingoje miaka minne iishe ndio ugundue umesimama na mguu mmoja.

Wa pili ni makumbusho na nyaraka. Kuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na kuna Makumbusho ya Taifa yanayosimamia sehemu kama Fort Jesus na Gede. Nafasi ni chache, sitawadanganya. Lakini kaunti, korti, mabenki na hospitali zote zina mafaili yanayohitaji mtu wa kuyapanga. Ukiongeza kozi ya usimamizi wa rekodi, unaweza kubisha milango mingi zaidi.

Wa tatu ni ardhi na haki, na hapa sisi watu wa Pwani tusikilize vizuri. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka watu wa ukanda wa Pwani wapeleke madai yao rasmi. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Mpaka leo kuna familia zinahangaika. Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi ya 2012 iliipa tume hiyo jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, lakini dai bila ushahidi linabaki maneno ya barazani. Mawakili na mashirika ya haki wanahitaji mtu wa kutafuta ramani za zamani, kuhoji wazee, na kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wewe uliyepita madrasa una mwanzo ambao wengine hawana. Usiudharau.

Wa nne ni uandishi wa habari, na utafiti na tathmini kwenye mashirika. Na kama moyo wako uko kwenye sheria, unaweza kusoma digrii ya sheria baada ya hii.

Lakini mwajiri atauliza: umefanya nini? Kwa hivyo anza mwezi huu.

Moja, mrekodi mzee mmoja, kwa idhini yake. Andika kurasa mbili: amesema nini, nini kimethibitishwa kwa karatasi, nini bado. Hiyo ni kazi ya kumwonyesha mtu.

Mbili, jifunze kuomba habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Kijana anayejua kuandika ombi hilo na kulifuatilia anatafutwa.

Tatu, jifunze kompyuta vizuri, hasa kupanga majedwali. Na kwenye CV usiandike "Digrii ya Historia" ukaishia hapo. Andika umehoji watu wangapi, umepanga mafaili ya nani, umeandika ripoti gani.

Wale wazee wanaojua mipaka ya mashamba yetu hawatatungoja. Kila janaza ya mmoja wao inazika na ushahidi. Mwenye kuukusanya mapema anajijengea kazi, na anaisaidia jamii yake.

Mtumie mwenzako aliye mwaka wa kwanza, kabla hajachagua masomo. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.