Gitare Moja Kutoka Gitare Tatu

Masomo: Waefeso 2:11-22, Waefeso 4:16



Tangu ndugu waliokimbia vita waanze kuabudu pamoja nasi, neno moja limeletwa mbele ya wazee mara nyingi: wafunguliwe ibada yao ya pekee saa tisa, kwa sababu wanaimba kwa namna yao, wanaomba kwa namna yao, na hatujui walikotoka. Leo tunajibu, na tunajibu kwa mfano wa gitare.

Mwaka 1970, katika mji wa Nashville, Marekani, mpiga gitare Mwingereza Eric Clapton alinunua gitare 6 kuukuu za Fender Stratocaster. Tatu akawagawia rafiki zake: George Harrison, Pete Townshend na Steve Winwood. Zile zilizobaki akazifungua, akachagua kilicho bora katika kila moja: mwili, shingo, na mikro zinazoshika sauti ya nyuzi. Vikaungwa vikawa gitare moja nyeusi, akaiita Blackie. Mwili ulikuwa wa 1956, shingo ya 1957. Akaipiga miaka karibu 15. Hatumhubiri mwanamuziki wa dunia; lakini Bwana wetu alifundisha hata kwa mfano wa msimamizi asiye mwaminifu (Luka 16). Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, kipimo. Vipande vile viliungana kwa sababu vyote vilitengenezwa kwa kipimo kimoja. Shingo yake haipakwi gundi, inashikwa na visi 4, na nyuzi zina urefu wa milimita 648. Ukifunga shingo ya kipimo kingine, hata ikikaa vizuri kwa macho, sauti zitakuwa za uongo. Basi swali letu si mtu ametoka wapi. Tunauliza: ametubu? Amebatizwa? Anaishi Neno? Kipimo hicho hatukilegezi kwa mtu yeyote, mgeni wala mwenyeji. Na ndugu hawa wanamkiri Yesu yule yule.

Pili, alama. Miaka ile mafundi wa Fender waliandika tarehe kwa kreyo kwenye kisigino cha shingo, pale inapoingia mwilini. Kuungana na mwili mwingine hakufuti maandishi hayo. Lakini ukitaka kuyasoma, lazima utoe visi na kutenga shingo na mwili. Na saa hiyo gitare hailii. Kabila na kijiji cha mtu Mungu hakuvifuta. Ila anayetaka kusoma kabila la ndugu yake kila Jumapili, lazima kwanza alifungue kanisa. Na kanisa lililofunguliwa haliimbi.

Tatu, thamani. Wanaokusanya gitare za zamani hupenda ile ambayo kila kipande ni chake tangu kiwandani; iliyochanganywa huidharau. Lakini mwezi wa Juni 2004, Blackie iliuzwa mnadani kwa Christie's, New York, kwa dola 959,500. Vipande peke yake havikuweza kuleta bei hiyo. Ililetwa na mkono ulioipiga. Na mnada ule ulifanywa kwa ajili ya Crossroads, kituo kilichoko kisiwa cha Antigua, kinachotunza watu waliofungwa na pombe na madawa ya kulevya. Clapton, aliyekuwa mfungwa wa vitu hivyo, alikianzisha mwaka 1998. Sisi nasi thamani yetu imo mkononi mwa yule anayetushika, na mkono ule una kovu la msumari.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: ibada ya saa tisa haitakuwapo. Waimbaji waliokuja wafike mazoezini pamoja na korali, wapewe viti katikati, si nyuma. Wimbo mmoja wa kwao tutajifunza sote. Na nyumba yenye sahani moja ya ziada ialike jamaa moja baada ya ibada. Ndugu hawa walifukuzwa mara moja kwa bunduki; wasifukuzwe mara ya pili kwa programu ya kanisa.

Bwana, wewe uliyebomoa ukuta wa katikati, utuunge, utukaze, utupige sauti yako. Katika jina la Yesu, amina.