Mafunzo ya Nishati kwa Vijana Wetu



Wako wazazi wanaouliza: kijana anayesomea shahada ya uzamili, kwa nini akae miezi mitatu ya mafunzo katika kituo cha kuchajia pikipiki za umeme?

Tutazame Kenya. Mvuke wa Olkaria huzalisha umeme usiku na mchana, lakini usiku matumizi hupungua, na mvuke mwingine huachwa upotee hewani. Ndipo mwaka 2023 ikawekwa bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, ya usiku ikiwa nusu ya ile ya mchana. Hiyo ni sera njema. Lakini itamfaaje mwendesha bodaboda asiye na mahali pa kuchajia usiku? Jambo hilo halionekani darasani. Hulijua kijana aliyekaa kituoni, akahesabu saa, akamsikiliza mwendeshaji, kisha akawafikishia habari wapangaji wa bei.

Basi wazazi, wapeni vijana ruhusa. Nanyi wenye ofisi, wapeni nauli na chakula, kwani kumtumikisha mtu bure ni dhuluma. Tusipowapeleka, bei zitapangwa na wasiomjua mwendeshaji huyo.