Mla Nawe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme habari ya umoja. Neno hili twalisema katika kila mkutano, na mkutano ukiisha kila mtu hurudi kwa wenziwe: makarani kwa makarani, matarishi kwa matarishi. Mwenzetu aliyehamishwa kutoka mbali akiugua, siku tatu zaweza kupita kabla hatujapata habari. Basi leo na tuseme habari ya chakula.

Katika njia kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, huko Makindu, liko hekalu lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi ya reli. Msafiri ye yote apitaye hupewa chakula pasipo malipo, wala haulizwi dini wala kabila yake. Desturi hiyo huitwa langar, nayo yatokana na mafundisho ya Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469.

Tazameni jinsi desturi hiyo ilivyopangwa. Kwanza, walaji huketi chini kwa safu, tajiri na maskini bega kwa bega, wala hapana kiti cha heshima. Pili, nyama haipikwi, hata yule ambaye dini yake yamkataza nyama fulani asiwe na sababu ya kujitenga. Tatu, kupika, kuandaa na kuosha vyombo ni kazi ya wenye kujitolea, wala cheo hakimwondolei mtu kazi hiyo.

Wazee wetu walituonya: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ni kweli kwa yule ajaye kula tu. Lakini aliyechota maji pamoja nawe, akapuliza moto pamoja nawe, akasugua sufuria pamoja nawe, huyo amekwisha kuwa jirani, na jirani hujua mlango wako usipofunguliwa asubuhi.

Kwa hiyo twaleta shauri hili. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tupike sufuria moja ya wali na maharagwe. Kila mtu alete awezacho, ama mchele, ama nazi, ama kuni, na asiye na kitu alete mikono yake. Waoshaji wa vyombo wachaguliwe kwa kura, pasipo kutazama cheo.

Na kwa mara ya kwanza kura isipigwe. Tutaosha sisi wa halmashauri.