Kwa Miguu Kutoka Nadapal: Yanayoonekana Njiani Asubuhi



Kwanza ieleweke ni Nadapal gani inayozungumziwa. Si ile ya mpakani na Sudan Kusini, inayotajwa mara kwa mara kwenye habari, bali hii iliyo jirani na Lodwar. Ukilisikiliza jina lenyewe, ndani yake mna edapal, mti unaobaki na majani mabichi hata kiangazi kikikaza. Mbegu zake ni chakula cha wakati mgumu: akina mama huzichemsha kwa muda mrefu, wakimwaga maji na kuweka mengine, mpaka uchungu utoke. Ni wangapi hupita karibu na mti huo kila asubuhi wakiwa juu ya bodaboda, wala hawajui wameupita?

Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na joto la mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi. Kwa hiyo anayekwenda kazini kwa miguu huku hatembei kama mtu wa Nairobi. Huondoka saa kumi na mbili, jua halijachomoza, akiwa na chupa yake ya maji. Wakati huo mchanga bado ni baridi, na una habari za usiku mzima: kwato za mbuzi, alama ya mkia wa mjusi, njia ya mende aliyezunguka hadi alfajiri. Ikifika saa nne upepo umekwisha kufuta yote.

Kando ya Turkwel kuna ewoi, ile migunga mikubwa yenye kivuli kama mwavuli. Hondohondo hupiga kelele juu yake, na kwera husuka viota kwenye ncha za matawi. Kiangazini maganda yake, ngitit, huanza kudondoka. Atembeaye huyasikia yakianguka kabla hajawaona mbuzi wanaoyagombania, wala mchungaji anayetikisa tawi kwa ufito mrefu. Mwenye pikipiki husikia injini tu.

Isitoshe, kutembea si jambo geni Turkana. Ni Kanapoi, kusini-magharibi mwa ziwa, ulikopatikana mfupa wa muundi wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili takriban miaka milioni 4 iliyopita. Mwaka 1995 Meave Leakey na wenzake walimpa jina Australopithecus anamensis, kutokana na neno la Kiturkana anam, yaani ziwa. Bodaboda ni ya juzi tu.

Huyo atembeaye ndiye pia wa kwanza kuona pengo. Anaujua ewoi uliokuwa penye kivuko. Asubuhi moja anakuta kisiki na vipande vyeupe vya mti, na kesho yake magunia ya makaa barabarani. Wazee wanaijua ekwar: sehemu ya msitu wa kando ya mto ambayo familia fulani ina haki nayo, na mgeni hukata au kulisha kwa ruhusa yao. Lakini mwenye ekwar mara nyingi yuko mbali na mifugo. Anayepita kila siku ndiye jicho lake. Habari ikimfikia mzee wa eneo au chifu siku hiyo hiyo, huenda mti wa pili ukasalimika. Ikifika baada ya wiki, ni majivu.

Penye kisiki cha ewoi, mathenge huja kwa haraka. Mti huo, etirae kwa Kiturkana, ulipandwa Turkana miaka ya 1980 ili ushike mchanga. Umeushika kweli, na njia za watu pia. Anayetaka makaa aanze na huo.

Mwisho ni laga. Kawalase inaweza kujaa bila tone kuanguka mjini Lodwar, kwa kuwa maji yamenyeshea mbali. Mtu akiona povu na vijiti vikija juu ya mchanga mkavu, au akisikia ngurumo na mbingu ni nyeupe, asivuke, hata kama ana mkutano wa saa mbili. Mkutano utangoja. Wenzake wa bodaboda nao watakuwa wamesimama hapo hapo ukingoni.