Je, Aliyebatizwa Aweza Kuishi Pasipo Dhambi?

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya swali linalowasumbua Wakristo wengi, wazee kwa vijana. Swali lenyewe ni hili: Je, Mkatoliki aliyekwisha kubatizwa aweza, kwa msaada wa neema ya Mungu, kuishi pasipo kutenda dhambi?

Msidhani ya kuwa hili ni swali la wataalamu wapendao kubishana tu. Wako watu wanaopata hasara kubwa kwa kulijibu vibaya. Yuko mzee aliyejifunza dini miaka mingi, naye ajua sala zote, lakini kila akiitwa kubatizwa husema, “Ngojeni kwanza. Nikibatizwa sasa nitaanguka tena. Afadhali nibatizwe siku ya kufa.” Yuko na kijana aliyebatizwa tangu utoto, akaanguka mara moja, mara mbili, mara tatu, sasa hakaribii tena kitubio, maana asema moyoni, “Nikiungama leo, kesho nitarudia. Ya nini kumsumbua padre?” Tena yuko wa tatu, ajionaye kuwa amekwisha kuwa safi, na kila ajapo kanisani huhesabu makosa ya jirani zake. Watu hawa watatu wamepotea njia mahali pamoja: hawajui neema yaweza nini, wala hawajui udhaifu wetu ni wa kadiri gani.

Basi tuanze na Ubatizo wenyewe. Kanisa lafundisha ya kuwa Ubatizo waondoa dhambi ya asili, na dhambi zote alizozitenda mtu kabla ya kubatizwa. Dhambi hizo hazifunikwi tu, kama mtu afunikavyo uchafu kwa mkeka. Zaondolewa kabisa, na roho yatiwa uzima mpya, ndio tuuitao neema ya utakaso. Walakini jambo moja lasalia, nalo ni tamaa, yaani maelekeo ya moyo kuvutwa upande wa ubaya. Maaskofu waliokutanika Trento, mji ulio leo katika Italia ya kaskazini, walieleza jambo hili mwaka 1546. Walisema ya kuwa tamaa hiyo yaachwa ndani yetu ili tupigane nayo, wala haiwezi kumdhuru mtu asiyeikubali. Kwa hiyo, mtu aliyebatizwa akiona hasira au wivu wapanda moyoni mwake, asiseme, “Ubatizo wangu haukufaa kitu.” Kuvutwa si dhambi, dhambi ni kukubali.

Sasa yatupasa kupambanua dhambi na dhambi, maana hazilingani. Ninyi mkaao pwani mwajua habari za majahazi. Hapana chombo cha mbao kisichoingiza maji. Hata kikitiwa kalafati vizuri, maji hupenya kidogo kidogo kati ya mbao, na mabaharia huyafua kila siku. Chombo hicho bado ni kizima, bado chaelekea bandarini. Lakini nahodha akikipeleka kwa kusudi juu ya mwamba kikapasuka, hiyo si kazi ya kufua maji tena, chombo chazama. Dhambi ndogo ni kama maji yale ya kupenya: yapunguza mwendo, lakini haiui uzima wa neema. Dhambi ya mauti ni kama kupasuka juu ya mwamba. Na ili dhambi iwe ya mauti, yatakiwa mambo matatu pamoja: jambo lenyewe liwe kubwa, mtu aujue wazi ubaya wake, tena alikubali kwa hiari yake kamili.

Mkikumbuka tofauti hii, jibu la swali letu lapatikana, nalo lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni hii. Ndiyo, aliyebatizwa aweza, kwa neema ya Mungu, kuishi pasipo dhambi ya mauti, si siku moja wala mwaka mmoja tu, bali maisha yake yote. Maaskofu wale wa Trento walitamka mwaka 1547 ya kuwa ni kosa kusema kwamba amri za Mungu haziwezi kushikwa na mtu aliye katika hali ya neema. Mungu haamuru yasiyowezekana. Akiamuru, atuambia tufanye tuwezayo, na tuombe msaada kwa yale tusiyoyaweza, naye hutusaidia hata tuyaweze. Lakini walisema vile vile ya kuwa mtu hawezi kudumu hata mwisho kwa nguvu zake mwenyewe, yampasa kuomba.

Labda mtu atasema, “Maneno hayo ni mazuri kitabuni, lakini nani aliyeyaonyesha kwa vitendo?” Hatuna haja ya kwenda mbali. Katika nchi ya Buganda, tarehe 15 Novemba 1885, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Siku ile ile kijana mmoja wa jumba la mfalme, Karoli Lwanga, alibatizwa, akashika uongozi wa Wakristo wenzake. Mfalme aliwataka vijana watumishi wake wakubali matendo yaliyo kinyume cha usafi, nao wakakataa. Tena aliwataka waiache dini, wakakataa hilo pia. Mwishoni mwa Mei 1886, walipokuwa wakingojea hukumu, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Mmoja wao alikuwa Kizito, mvulana wa miaka ipatayo 14. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Wakatoliki 22 wa mateso yale walitangazwa watakatifu na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita huko Roma, tarehe 18 Oktoba 1964.

Lifikirini jambo hili. Lwanga aliishi miezi sita na kitu baada ya kubatizwa. Kizito aliishi siku chache tu. Hawakuwa na miaka mingi ya mazoezi, wala hawakuzaliwa na mioyo ya mawe. Hatusemi ya kuwa hawakupata kuwa na kosa hata dogo. Twasema ya kuwa walipowekwa kati ya moto na dhambi ya mauti, neema iliwatosha. Nasi tujaribiwao na fedha ya mwenzetu, au pombe, au mke wa mtu, twawezaje kusema ya kuwa haiwezekani?

Sasa sehemu ya pili. Je, twaweza kuepuka na dhambi ndogo zote, maisha yetu yote? Hapa Kanisa lajibu: Sivyo, ila kwa fadhili ya pekee itokayo kwa Mungu.

Neno hili lilibishaniwa zamani, tena hapa Afrika. Yapata mwaka 400 alikuwako Roma mtawa mmoja jina lake Pelagius, mtu wa asili ya Britania. Alichukizwa na ulegevu wa Wakristo, akafundisha ya kuwa mtu aweza kuishi pasipo dhambi kwa nguvu ya hiari yake, akitaka kweli. Aliyempinga kuliko wote alikuwa Mwafrika, Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwaka 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutanika Karthago, wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Kati ya hoja zao moja yatuhusu sana. Watu wengine walisema ya kuwa watakatifu, waombapo katika sala ya Baba Yetu kusamehewa makosa yao, huomba kwa unyenyekevu tu, au huwaombea wengine, si kwamba wao wana makosa. Maaskofu wakajibu ya kuwa sivyo: watakatifu wasemapo hivyo husema kweli. Mungu hapendi sala ya uongo, hata ikiwa uongo wenyewe wafanana na unyenyekevu.

Maaskofu wa Trento waliifuata njia ile ile mwaka 1547. Walisema ya kuwa hapana mtu awezaye kuepuka dhambi zote, hata zilizo ndogo, maisha yake yote, ila akipewa na Mungu fadhili ya pekee, kama Kanisa liaminivyo juu ya Bikira Maria. Yeye alikingiwa dhambi ya asili tangu mwanzo wa uhai wake. Baba Mtakatifu Pio wa Tisa alilitangaza fundisho hilo tarehe 8 Desemba 1854.

Huenda mtu akauliza, “Ikiwa twaweza kuishinda kila dhambi, mbona hatuwezi kuzishinda zote?” Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alieleza ya kuwa mtu aweza kulizuia kila vuguvugu moja moja la moyo, lakini akiwa anapigana na moja, jingine huinuka. Sisi tutasema hivi. Mtazameni mlinzi wa shamba la mpunga, ameketi juu ya dungu na kombeo mkononi. Hapana ndege hata mmoja ambaye hawezi kumfukuza. Lakini akigeukia mashariki, wengine washuka upande wa magharibi. Akiinama kuokota jiwe, wengine waja. Jioni hawezi kusema ya kuwa hapana hata punje moja iliyoliwa. Lakini nguruwe wa mwitu akija kuharibu shamba zima, mlinzi aliye macho amwona, naye akipiga kelele majirani watakuja. Ndivyo ilivyo kwetu: neno la haraka, uvivu wa sala, majivuno kidogo, chembe ya uongo wa kujitetea, hizo ndizo ndege zetu. Lakini dhambi ya mauti haiingii kwa kutoonekana. Huingia kwa kufunguliwa mlango.

Basi, tuwajibu nini watu wetu watatu?

Mzee angojaye siku ya kufa tutamwambia hivi: Mzee wetu, desturi hiyo si ngeni. Kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337, alipokuwa karibu na kufa. Augustino naye alipokuwa mtoto alishikwa na ugonjwa mkali, akaomba Ubatizo. Alipopona ukaahirishwa, naye akabatizwa Milano mwaka 387, akiwa mtu mzima. Baadaye aliandika akiilaumu desturi ile, maana mgonjwa haachwi aongeze vidonda kwa sababu bado hajatibiwa. Wewe waogopa kuanguka baada ya Ubatizo. Lakini sasa wapigana vita pasipo silaha, ukingoja kupewa silaha vita vikiisha. Tena nani aliyekuahidi ya kuwa siku ile utakuwa na akili zako, au padre atakuwa karibu?

Kijana aliyeacha kitubio tutamwambia hivi: Ndugu yetu, Petro alimkana Bwana wake mara tatu, naye Yuda alimsaliti. Wote wawili walijuta, lakini Petro alirudi, na Yuda akakata tamaa. Wewe umevunja chombo mwambani, ni kweli. Lakini Ubao wa kujiokoa uko, nao ndio kitubio. Mungu hakudai uahidi ya kuwa hutajaribiwa kesho. Adai leo uichukie dhambi, na ukusudie kweli kuiacha pamoja na nafasi zake. Ikiwa waanguka kila jioni kwa kupita nyumba ya pombe, kusudi lako lionekane katika njia utakayopita. Wala usikae mbali na Komunyo baada ya kuungama, ukidhani ya kuwa ni tuzo ya watu wakamilifu. Zamani wako waliofikiri hivyo, hata Baba Mtakatifu Pio wa Kumi, mwaka 1905, akatoa agizo ya kuwa yeyote aliye katika hali ya neema, mwenye nia njema, asizuiliwe kuipokea mara nyingi, hata kila siku. Kwa maana ni dawa ya makosa ya kila siku, na kinga ya dhambi ya mauti.

Na ndugu yetu ajionaye safi tutamkumbusha ya kuwa Mtume Yohane aliwaonya Wakristo wa kwanza: ajitangazaye kuwa hana dhambi amejipotosha mwenyewe. Asiyeona maji ndani ya jahazi lake huenda hajafunua mbao za chini akatazame. Na maji yasiyofuliwa hulemea chombo, kikawa kizito kugeuza. Siku ya dhoruba hakiwezi kuuepa mwamba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, kazi yetu si kubwa wala si ngumu kuifahamu. Asubuhi tuombe neema ya siku hiyo moja. Mchana tuwe macho. Jioni, kabla ya kulala, tuichunguze dhamiri yetu, tutubu, na kufua maji yaliyoingia. Kisha tuungame kwa wakati wake, tupokee Komunyo kwa moyo wa njaa, tuanze tena kesho. Tukifanya hivyo hatutakuwa watu wasio na kosa; lakini twaweza kufika bandarini na chombo kizima. Na kama kimepasuka, tusikae ndani ya maji tukingoja kuzama.

Mungu awape usiku mwema. Kwaherini.